Ngozi Iliyotiwa Chumvi

Mume wangu alikuwa mfanyabiashara wa ngozi za wanyama, lakini ukimuuliza mwenyewe angekwambia yeye ni mvumbuzi. Alivumbua barabara ambazo watu walikuwa wakizipita kila siku. Akifika kwenye kilima kisicho na jina katika ramani yake, alikipa jina la Kiswahili na kuliandika kwenye daftari lenye jalada gumu. Kule Karoo, ile nchi kame ya kondoo unayoivuka ukitoka Johannesburg kwenda Cape Town, kuna kilima kinaitwa Kikohozi, kwa sababu hapo ndipo gari letu lilipokohoa na kuzima. Kuna daraja linaitwa Shemeji Kagoma. Kuna shamba linaitwa Chai Bila Sukari. Wenye mashamba hawana habari.

Yeye alizaliwa Soweto. Kiswahili alikipata ukimbizini, Morogoro, alikopelekwa na chama chake akiwa kijana wakati wa vita vya ukombozi, na ndiko alikonikuta mimi. Tuliporudi huku kwao akaanza biashara ya ngozi, na madaftari akayaandika kwa Kiswahili ili wanunuzi wenzake wasijue ni shamba gani lina mbweha wengi mwaka huo. Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa. Nadhani aliendelea kwa sababu ya kuzoea tu. Kila jioni aliandika mahali, hali ya hewa, njia ilivyokuwa, ngozi zilizopatikana, na nani alimpa maji ya kunywa. Halafu akirudi nyumbani alinisomea kwa sauti, nami nikamsahihisha. Kwa zaidi ya miaka ishirini aliandika "ngozi mzuri," na kwa zaidi ya miaka ishirini nilimwambia ni nzuri, akaitikia "sharp, mama," yaani sawa kwa lugha ya mtaani kwao, na kesho yake akaandika vilevile.

Mwaka 2015 akapata mtoto wa jicho, jicho la kulia, na mimi nikawa dereva. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa nyumbani Rosettenville, kusini mwa jiji, ambako tulikuwa na nyumba ndogo na kibanda cha mabati nyuma ya uwanja. Kazi yangu ilikuwa kibandani. Sasa nikawekwa nyuma ya usukani wa pikapu, na mvumbuzi pembeni yangu na daftari mapajani, jicho moja zima.

"Andika," aliniambia siku moja. "Upepo kutoka magharibi."

"Naendesha, mzee."

"Basi andika kichwani, utanipa jioni."

Nilimwambia kichwa changu si daftari lake. Jioni aliniuliza upepo ulitoka wapi, nikamjibu, magharibi, na hasira nikawa nazo maana kweli nilikuwa nimeuweka.

Msimu wa baridi ndio uliokuwa msimu wetu. Wenye mashamba huwinda swala kwa wingi, na hupiga risasi mbweha na simbamangu wanaokula wanakondoo, na wengi wao ngozi hawana shida nazo. Wakati mwingine wa mwaka tulizunguka vitongoji vya Johannesburg mwishoni mwa juma, kwa sababu huko kila Jumamosi kuna ng'ombe au mbuzi anachinjwa, kwa harusi, kwa mahari, kwa mtoto aliyefaulu chuo, na mara nyingi ngozi hutupwa. Sisi tuliichukua. Tuliwauzia watengeneza ngoma, mafundi wanaoshona mavazi ya kimila ya harusi, na duka moja la Fordsburg linalouza ngozi za kutandika sebuleni.

Ngozi mbichi haingoji mtu. Ikitoka tu mwilini mwa mnyama inaanza kuoza, na usipoiwahi kwa chumvi, manyoya yananyofoka hata kwa kidole na kazi yote imekwenda na maji. Unaitandaza upande wa nyama juu, unakwangua mafuta, unamwaga chumvi ya mawe, unaisugua mpaka pembeni kabisa, miguuni, shingoni, unaikunja nyama kwa nyama, unailaza kwenye mbao zilizoinama ili maji yachuruzike. Mikono yangu iliijua kazi hiyo kuliko nilivyoijua mimi. Niliweza kutia chumvi ngozi ya ng'ombe mzima huku nagombana na mtu kwenye simu, na nilikuwa mtu wa kugombana na watu kwenye simu.

Ngozi moja tu hatukuigusa, nayo ni ya ng'ombe wa msiba wa baba wa nyumba. Kwa watu wa mume wangu, mzee wa nyumba akifa anachinjiwa ng'ombe wa kumsindikiza, na ngozi yake, mbichi, inafunikwa juu ya jeneza na kwenda nalo kaburini. Waliotangulia wanampokea akiwa ameivaa. Na nyama ya kuwapa hao waliotangulia haitiwi chumvi kamwe, kwa sababu hawali chumvi. Mume wangu alinifundisha hayo tangu mwaka wa kwanza. Tukiona hema jeupe uwanjani kwa watu, nilisimamisha gari na yeye aliteremka kuuliza kwanza ni hema la nini.

Sasa niseme kuhusu wifi yangu.

Mimi na mume wangu tulifunga ndoa Morogoro na kwa upande wake hakuwepo hata mtu mmoja. Mipaka ilikuwa imefungwa, barua hazifiki, baba yake alikufa sisi tukiwa hukohuko. Kwa mila yao wazee wa mume huenda kwa wazee wa mke, wakazungumza, wakakubaliana, wakala pamoja. Bila hayo mwanamke ni mtu aliyekuja na fulani. Tulipofika Soweto, dada yake mkubwa alinipokea kwa heshima zote. Alinipa chai kwenye vikombe vya wageni, vile vyenye ua la bluu vinavyokaa kabatini. Watoto wangu wakazaliwa, wakakua, binti yangu akapata kazi ofisini Braamfontein, na mimi bado nikifika kwa wifi nilipewa chai kwenye kikombe chenye ua la bluu. Hakuwahi kunitusi. Alisema nami Kizulu polepole, kwa sauti ya juu, kama mimi ni kiziwi. Mume wangu alicheka sana jambo hilo. Mimi sikulicheka.

Mume wangu alikufa asubuhi moja ya kipupwe, mwaka 2017. Tulikuwa tunajiandaa kwenda Karoo. Yeye alitangulia kukaa ndani ya pikapu, mlango wazi, na mimi nilikuwa ndani natafuta chupa ya chai. Nikapita na mzigo, nikamwambia afunge mlango, baridi inaingia. Hakufunga. Nikarudi na mzigo mwingine, nikamwambia tena, sasa kwa ukali, kwamba hilo gari si friji. Nikazunguka nikaingia upande wa dereva, nikawasha injini, nikasema mzee, mlango. Ndipo nikamtazama. Nilikuwa namgombeza maiti.

Nilizima injini. Nakumbuka niliteremka, nikazunguka, nikaufunga ule mlango mwenyewe, taratibu, nikaenda kumpigia binti yangu simu. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa. Aliniuliza mara tatu kama nina uhakika.

Mjane wa huku anakalishwa chini. Walikuja akina mama, wakatoa kitanda chumbani, wakatandika godoro sakafuni, wakafunika kioo kwa shuka, wakanivisha shali nyeusi na kunikalisha pale, mgongo ukutani. Hapo ndipo mahali pa mjane mpaka siku ya maziko. Hapiki, hafui, hatoki ila kwenda msalani. Wazee wa kike hukaa naye kwa zamu. Jioni watu wanakuja kuimba na kuomba, na mchungaji anasema maneno yake.

Nilikaa nikisubiri kulia. Kila aliyeingia alilia, akanishika mabega, akanitazama machoni kuona kama na mimi nimefika alipo yeye. Sikuwa nimefika. Sikuwa na uchungu, sikuwa na hofu, sikuwa hata na usingizi. Niliangalia soksi za watu. Niligundua kwamba mchungaji amevaa soksi za rangi mbili tofauti na nikalifikiria jambo hilo sala nzima.

Binti yangu aliniletea chai, nikamwambia amesahau sukari. Akaenda akarudi. Nikamwambia amesahau tena. Alinijibu kwa Kiingereza, maana watoto wangu Kiswahili wanakisikia tu, wakijibu ni Kiingereza au Kizulu, kwamba ameweka vijiko vinne. Nikanywa. Ilikuwa ni maji ya moto. Uji ulikuwa hivyohivyo, na mchuzi, na machungwa. Sikumwambia mtu.

Ijumaa asubuhi wakamleta ng'ombe. Alikuwa wa kahawia mwenye baka jeupe ubavuni, wanaume wa ukoo walimnunua shambani na kumleta kwa lori. Majirani walikuwa wameshaambiwa. Dirisha la chumba changu linatazama uwanja wa nyuma, lakini lilikuwa limefunikwa pazia, kwa hiyo nilisikia tu: miguu, sauti ya baba mdogo wa mume wangu akiwaambia mababu kwa majina ni ng'ombe wa nani, kisha ule ukimya, kisha visu vikinolewa.

Mama aliyekuwa zamu nami akaitwa jikoni kumenya viazi, akasema anarudi sasa hivi. Nikabaki peke yangu. Na hapo nikasikia ngozi inavutwa. Kuna sauti ambayo ngozi ya ng'ombe huitoa ikitenganishwa na nyama, ya kuchanika bila kuchanika, na mimi nimeisikia maisha yangu yote ya utu uzima. Nikainuka.

Sikufikiri kitu. Ningependa kusema nilichanganyikiwa, lakini mtu aliyechanganyikiwa anahangaika, mimi nilikuwa mtulivu sana. Nilitoka kwa mlango wa nyuma. Wanaume walikuwa wameuzunguka mwili wa ng'ombe wakikata, migongo yao kwangu, na ngozi ilikuwa imewekwa kando kwenye majani, inafuka mvuke kwa ile baridi. Nililitoa turubai langu kibandani, nikaivingirisha ngozi juu yake, nikaiburuta kama kila wiki. Waliniona, naamini, lakini walizoea kuniona nikiburuta ngozi. Nikafunga mlango wa bati. Nikaitandaza, nikakwangua mafuta, nikamwaga chumvi, nikasugua mpaka pembeni, miguuni, shingoni. Nikaikunja nyama kwa nyama. Nikailaza kwenye mbao. Nikanawa mikono, nikarudi kwenye godoro, nikakaa mgongo ukutani, na kwa mara ya kwanza wiki ile nilijiona nimefanya kitu cha maana.

Mama wa zamu alirudi na kunipa pole kwa kuniacha.

Mchana wakaitafuta ngozi. Walidhani iko huku, wakadhani iko kule, wakaulizana, sauti zikapanda. Binti yangu ndiye aliyekwenda kibandani. Alirudi akasimama mlangoni pa chumba, uso umemshuka, akaniuliza kwa Kiingereza nimefanya nini.

"Nimeiwahi," nikamwambia.

Ilinichukua muda kuelewa kwa nini anaziba mdomo kwa mkono.

Wazee wakakutana sebuleni. Kuta za nyumba zile ni nyembamba, na Kizulu changu ni kibovu lakini cha kusikia kinatosha. Baba mdogo alisema kosa limeshafanyika, mtu atazikwa bila ngozi na wataomba radhi baadaye. Mwingine akasema atafikaje uchi kwa baba yake, mtu aliyekaa ugenini miaka yote ile na hakumzika baba huyo, leo anakwenda kuonana naye kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Wa tatu akasema watafute ng'ombe mwingine, wakamwambia jeneza linaletwa leo jioni kulala nyumbani, ng'ombe huyo atapatikana wapi. Halafu mmoja, sikumtambua sauti, akasema ndiyo matokeo, mwanamke hakuletwa kwa njia, mila hajui. Hakuna aliyemkatiza.

Nilijua kwamba hilo ndilo nitakalobaki nalo. Angezikwa bila ngozi, na kila msiba, kila harusi, watoto wangu na wajukuu wangu wangesikia kwamba alizikwa hivyo kwa sababu ya yule aliyekuja naye. Nililijua vizuri. Nilijua pia kwamba napaswa kuogopa, na nilikaa pale nikiingoja hofu kama mtu anavyongoja basi lisilopita siku hiyo.

Wifi akaingia akafunga mlango. Ni mwanamke mfupi, mpana, aliyewahi kuwa muuguzi mkuu wa wodi na hajaacha kuwa hivyo. Akasimama mbele yangu.

"Umeondoka kwenye godoro."

"Ndiyo."

"Umemtia kaka yangu chumvi. Kama bidhaa."

"Ndiyo, wifi."

"Hawu! Unaitika tu ndiyo, ndiyo! Hukujua?"

"Najua. Alinifundisha yeye."

"Sasa kwa nini?"

Nilitafuta jibu zuri. "Ilikuwa inaharibika," nikasema.

Nilidhani atanipiga kofi, na nilikuwa namsubiri apige, nione kama nitasikia. Akaishika mikono yangu akaigeuza. Chumvi ilikuwa bado imekaa kwenye mipasuko ya vidole, inakaa hapo hata unawe vipi.

"Inatoka?" akauliza.

"Mikononi?"

"Kwenye ngozi, wewe! Inatoka?"

Nikamweleza. Watu wa viwanda vya ngozi wakipokea ngozi iliyotiwa chumvi, kazi ya kwanza ni kuiloweka, maji mengi, yanabadilishwa na kubadilishwa, mpaka irudi laini kama ilivyotoka kwa mnyama. Hii ilikuwa ya asubuhi tu, chumvi haijazama sana. Lakini kama itatoka yote, sikuweza kuahidi. Hakuna mteja aliyewahi kunitaka niitoe yote.

"Eish," akasema wifi, akavua saa yake na kuitia ndani ya sidiria. "Inuka."

Sebuleni baba mdogo alisimama, akasema mjane hafanyi kazi, haijapata kuonekana. Wifi hakusimama hata kidogo. "Hafanyi kazi," alimjibu akipita. "Anamwogesha mume wake. Nani wa kumkataza?" Akawafukuza wanaume uwanjani wahamishie nyama yao mbele ya nyumba.

Tuliiweka ngozi kwenye lile beseni kubwa la kuogea la zamani ambalo mume wangu alilinunua kwa ajili ya kuoshea ngozi za mbweha, tukaingiza mpira wa maji. Maji ya kipupwe cha Johannesburg yanauma mfupa. Tulipandisha sketi, tukavua viatu, wanawake wawili wa zaidi ya miaka sitini, tukaingia ndani na kukanyaga. Ngozi ya ng'ombe iliyolowa ni nzito na inateleza, mara mbili wifi alinidaka kiwiko na mara moja mimi nikamdaka yeye. Binti yangu alisimama na mpira wa maji na alikuwa analia, huyu naye alikuwa ameshafika wanakofika wenzake.

Tunafungua maji machafu yatoke, tunajaza mapya, tunakanyaga. Kisha wifi anainama, anachovya kidole, anakilamba. Anatema mate pembeni.

"Bado."

Tunamwaga. Tunajaza. Nilimwonyesha mahali chumvi inapojificha, kwenye mikunjo ya shingo na kwapani, na akapasugua mwenyewe kwa kucha. Anachovya, analamba.

"Bado."

Baada ya muda ulimi wake ukachoka. Akasema ameshachanganyikiwa, hajui tena kama anaonja maji au anaonja mdomo wake mwenyewe. "Onja wewe," akaniambia.

Nikachovya, nikalamba. Nikachovya tena kwenye maji yaliyotoka moja kwa moja shingoni, ambako lazima yangekuwa makali.

"Siwezi," nikasema. "Ulimi haufanyi kazi. Tangu afe. Chai, uji, kila kitu ni maji."

"Hakuna ladha yoyote?"

"Hakuna kitu chochote, wifi. Si ulimi peke yake."

Binti yangu alizima mpira wa maji. Wifi hakunikumbatia, hakuniambia pole, na nilimshukuru kwa hilo, pole zilikuwa zimenijaa mpaka kooni. Alisukutua mdomo kwa maji ya mpira, akatema, akasubiri kidogo, akachovya kidole upya. Tangu hapo akaonja kwa niaba ya wote wawili.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama tuliposikia watu mbele ya nyumba wameanza wimbo, maana yake gari la maiti limeingia mtaani. Tulikuwa na maji mapya ndani ya beseni. Wifi akainama, akachovya, akalamba. Akasimama wima na kidole mdomoni akitazama ukuta wa jirani. Nilimtazama usoni na sikuona kitu.

"Imekwisha," akasema.

Wanaume wakaja wakaibeba, wakaining'iniza ichuruzike wakati jeneza linaingizwa, kisha wakaifunika juu, manyoya yakitazama juu, lile baka jeupe upande wa moyo. Maji yalidondoka kwenye zulia usiku kucha. Jumamosi tukaenda makaburini kusini mwa jiji. Ngozi ikashuka naye. Nilitupa udongo wangu, nikarudi kwenye kiti changu, na mikono ilikuwa na baridi, hilo nalikumbuka, mikono tu.

Mwaka mzima nilivaa nyeusi. Kwa mila mjane haendi safari za mbali, kwa hiyo Karoo ilinipita msimu wote na nikawa nanunua ngozi za hapahapa mjini, za wanaonifuata nyumbani. Madaftari ya mume wangu yalikuwa yamebaki na moja ambalo hajalimaliza, na mimi sipendi kuona karatasi inapotea bure. Nikawa naandika kwa mtindo wake. Rosettenville. Baridi. Sikwenda popote. Ngozi mbili za mbuzi. Kesho yake hivyohivyo, na kesho kutwa. Ukilisoma leo huwezi kujua kama aliyeandika ni mtu aliyefiwa au ni mlinzi wa ghala. Jumapili binti yangu alikuja na kunisomea yale ya zamani kwa lafudhi yake ya kuchekesha, akiniuliza kwa Kiingereza maana ya kikohozi, maana ya kugoma. Nilimjibu. Ladha ilirudi kidogo kidogo, pilipili ikatangulia. Vingine havikurudi. Watu walisema nimekuwa jasiri sana, na mimi nikawaitikia, kwa sababu kueleza kwamba hakuna ninachosikia kungechukua muda mrefu zaidi.

Mwaka ulipotimia walikuja kunivua nguo nyeusi. Wakazichoma uwanjani, nikavaa gauni la kijani alilolichagua wifi bila kuniuliza, watu wakala, wakaondoka. Jioni nikamrudisha wifi kwake Soweto kwa pikapu. Njiani alilalamikia breki zangu, alilalamikia bei ya vitunguu, alilalamikia mchungaji mpya. Nikasimama mbele ya geti lake. Hakushuka.

"Ile ngozi," akasema. "Chumvi haikwisha."

Nilidhani sikumsikia vizuri.

"Maji ya mwisho niliyoonja yalikuwa na chumvi. Si nyingi. Lakini ilikuwapo, ulimi wangu mimi ni mzima."

"Ulisema imekwisha."

"Nilisema."

"Kwa sababu gari lilikuwa limefika?"

"Gari lingengoja. Nani ana haraka ya kuzikwa?" Alikuwa anatazama mbele, kwenye kioo, mkoba wake umekaa wima mapajani. "Nilifikiri, iache ibaki kidogo. Akifika kule, baba ataisikia. Baba alikuwa na pua kali. Atamwuliza, wewe, nani amekutia chumvi? Na kaka yangu itabidi ajibu."

"Ajibu nini?"

Alinigeukia kwa ule uso wa muuguzi mkuu anayeulizwa upumbavu mbele ya wagonjwa.

"Atasema, ni mke wangu. Atasema nini kingine? Baba alikufa hajakuona. Atakujuaje?"

Akashuka. Akasema mlango wa gari hili haufungi mpaka uubamize, akaubamiza, akaenda zake akitafuta funguo kwenye mkoba. Nilimsubiri aingie ndani kisha nikaondoka. Nilifika kwenye taa za barabara kuu, robot kama wanavyoziita huku, na hapo ikanipata, nikalia kwa sauti, kinywa wazi, paji la uso kwenye usukani. Taa ikawa ya kijani, ikawa nyekundu, ikawa ya kijani tena. Nyuma yangu watu walipiga honi. Mmoja akateremka kuja kunitukana, akainama dirishani, akanitazama, akarudi kwenye gari lake.